Fanusi, udi na msumeno wa nakshi: kazi za msimu wa kusi

Upepo wa kusi ukishika, Lamu hubadilika. Wageni hupungua, bahari ya nje huchafuka, na mvua ya Mei hushuka moja kwa moja ndani ya kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, bila kubisha hodi. Watu wa bara hutucheka tukisema tunaona baridi, maana hata usiku wa Julai joto halishuki sana chini ya nyuzi 22. Waache wacheke. Nyumba ya mawe yenye kuta nene ikishalowa ina baridi yake, na nguo iliyoanikwa tangu jana bado ina uvundo.

Huu ndio msimu ninaoupa msumeno wa nakshi. Sisemi jigso ya kushika mkononi. Nasema mashine ya mezani yenye bledi nyembamba ya inchi 5, iliyofungwa juu na chini, inayopanda na kushuka palepale huku wewe ukiuzungusha ubao. Bledi hufunguliwa upande mmoja, ikapenyezwa kwenye tundu ulilotoboa kwa keekee, kisha ikafungwa tena. Ndiyo maana inakata dirisha katikati ya ubao bila kuanzia ukingoni. Wazee wa patasi hapa mtaani huitazama kwa jicho la pembeni, lakini ugomvi haupo. Patasi huchimba na kuacha mgongo wa mbao nyuma. Msumeno huu hupasua hadi upande wa pili.

Hapo ndipo wanaoanza hukwama. Mtu ananakili waridi la mlango wa kale, anabandika karatasi kwenye ubao, anakata kwa uangalifu mkubwa, na kitovu cha waridi kinadondoka sakafuni. Mlangoni kitovu kile kilishikwa na mbao iliyo nyuma yake. Hapa nyuma hakuna kitu. Kwa hiyo mimi sichori ua, nachora mashimo, nikayajaza wino mweusi. Cheusi chote kitaanguka. Cheupe chote lazima kiwe kimeshikana mpaka kwenye fremu. Nikiona kisiwa cheupe kimezungukwa na weusi, nakijengea daraja kabla ya kugusa mashine. Kwenye ubao wa milimita 6 daraja langu halipungui milimita 3, na likikatiza nyuzi za mbao nalinenepesha zaidi, kwa kuwa penye nyuzi fupi mbao hukatika kama biskuti. Nakshi ya mnyororo inayozunguka fremu za milango mingi hapa hukubali mtindo huu kwa urahisi kuliko waridi, kwa sababu pete zake tayari zimeshikana.

Kazi ninayoipenda kuliko zote kwa msimu huu ni fanusi. Vibao vinne, kitako, kifuniko, basi. Kabla ya kukata napima zidaka za mwenye nyumba, yale mashimo ya ukutani ya kuwekea vitu, maana fanusi nyingi za sokoni ama hazingii kidakani ama huingia zikabana, usiweze kuzitoa. Halafu naamua unene, na hapa watu hawanisikilizi mpaka wajionee. Ubao mnene wenye matundu madogo huuza mwanga kwa uchoyo: unaona nukta zinazokutazama usoni, lakini ukuta unabaki mtupu, kwa sababu miale inayokwenda mshazari hugonga kuta za tundu ikaishia humo. Ukipunguza ubao hadi milimita 6, au ukipanua matundu, nakshi inatoka nje na kutambaa juu ya chokaa. Ndani weka taa ndogo ya betri. Mshumaa ndani ya kisanduku cha mbao mimi siuwekei mtu, hata akinisihi, na stima zikipotea taa ya betri ndiyo inayobaki.

Mbao? Mbambakofi ni nzuri na ni ya hadhi, lakini ni ngumu. Bledi ikianza kuchoka huiunguza, ukaona mstari mweusi kwenye mkato. Vumbi lake pia huwasha pua, kwa hiyo vaa barakoa. Mwembe ni mwepesi kukata na una michirizi ya kupendeza, ila uchague uliokaushwa vizuri, la sivyo unanunua wadudu. Kwa majaribio tumia plaiwudi, ukijua gundi yake hula meno ya bledi haraka. Natumia bledi namba 3 kwa vibao vyembamba, namba 5 au 7 kwa mbao ngumu na nene. Meno yatazame chini. Zipo zenye meno machache ya mwisho yaliyogeuzwa kutazama juu, nazo huacha mgongo wa ubao safi bila kuchanika. Ongeza pesa kidogo ununue hizo. Kaza bledi mpaka ukiipiga kwa ukucha ilie kwa sauti kali. Ikilegea huvimba ikachukua tumbo ndani ya kona, na mkato wa juu haulingani na wa chini. Kata matundu ya ndani kwanza, umbo la nje mwisho, ili mkono uwe na mahali pa kushika. Na ukipitisha selotepu pana juu ya mchoro, mbao ngumu haiungui sana.

Sasa jambo ambalo fundi wa Nairobi haliwazi sana. Mbao unayoikata Juni imekunywa unyevu wa kusi. Kaskazi ikifika na jua la Januari, itanywea, na itanywea upande wa kukata nyuzi, si kwa urefu. Ukiwa umekitia kibao gundi pande zote nne, kitapasuka, na kitapasuka penye daraja jembamba kuliko yote. Mimi nachimba mifereji kwenye nguzo za fanusi, nakichomeka kibao humo kikavu bila gundi, nikiacha nafasi ya milimita moja kila upande. Mteja akisema anaipeleka fanusi bara, naongeza kina cha mfereji, ili kibao kikinywea kisichomoke.

Kazi ya pili sikuibuni mimi. Shangazi yangu alinijia akiwa na kanzu ya mumewe mkononi akanipa niinuse. "Mwanangu," akasema, "nguo zinanuka kusi." Alitaka kichanja cha kufukizia: kiunzi kinachosimama juu ya chetezo, nguo hutandazwa juu yake, moshi wa udi ukapanda kupitia matundu. Nilimuuliza, "Shangazi, nikupake vanishi ing'are?" Akanitazama kama nimemtukana. Alikuwa na haki yake. Vanishi ikipata joto hutoa harufu, na gundi ya plaiwudi vilevile, na hapo udi wa bei ghali umekwenda bure. Kichanja hiki hutaka mbao nzima, isiyopakwa kitu, misumari isiwepo, miguu ichomekwe kwenye matundu yake. Nilimpa urefu wa kama sentimita 60 ili makaa yabaki mbali na mbao, na matundu yanayoingia kidole gumba, kwa kuwa matundu madogo huuzuia moshi ukatokea pembeni. Kazi kubwa ilikuwa msasa. Kila ukingo wa ndani niliupitia kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti, maana kona moja yenye ncha inatosha kuvuta uzi wa leso au wa buibui.

Vibao vya kuwekea vikombe vya kahawa sina mengi ya kuvisemea. Bandika vibao vinne vyembamba pamoja kwa selotepu, kata mara moja, toka na seti nzima. Ni kazi nzuri ya kuwafundishia vijana.

Kwenye kumalizia, mafuta ya nazi yaache jikoni. Hayakauki, na baada ya muda huchacha. Sifa, yaani mafuta ya ini la papa, nayo ni ya majahazi, labda kama hutaki mgeni arudi. Fanusi na vibao vya vikombe navipaka mafuta ya kitani yanayouzwa kwenye maduka ya rangi, tabaka jembamba, nafuta yanayobaki juu, nasubiri, narudia. Msimu wa kusi hayakauki upesi, kwa hiyo usiahidi kazi ya kesho. Na kile kitambaa ulichopakia usikifinyange ukakitupa pembeni pamoja na unga wa mbao: mafuta haya yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kushika moto chenyewe. Kitandaze nje kikauke wazi, au kitie kwenye ndoo ya maji kabla ya kufunga karakana.