Hema ya kukutania: chati ya rangi haikutoka kwa marabi

Wiki hii tena mwanafunzi amenionyesha picha kwenye simu: chati ya maana za rangi za hema ya kukutania, patakatifu pa kuhamishika ambapo Waisraeli walipajenga jangwani katika kitabu cha Kutoka. Samawi ni mbingu, zambarau ni ufalme, nyekundu ni damu, kitani ni utakatifu, shaba ni hukumu. Chini yake: "Hivi ndivyo Wayahudi wanavyofundisha." Nafundisha Kiebrania watu wazima, na chati hii nimechoka nayo.

Wayahudi hawafundishi hivyo. Torati haijaeleza maana ya hata rangi moja ya mapazia. Chati hiyo ni ya mahubiri ya Kikristo. Mhubiri ana haki ya kuhubiri, ila asiwasingizie marabi, walimu wa sheria wa Kiyahudi. Wayahudi waliozifasiri rangi walikwenda kwingine kabisa: Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya 1, aliona kitani ni ardhi kwa kuwa humea ardhini, zambarau ni bahari kwa kuwa rangi yake hutoka kwa konokono wa baharini, samawi ni hewa, nyekundu ni moto. Naye Maimonides, mwanafalsafa na mwanasheria wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliandika kwamba anayesaka sababu ya kila kijambo kidogo ndani ya amri amepatwa na wazimu mrefu. Sijui kama angeivumilia chati ile.

Marabi waliitazama kazi yenyewe. Katika Kutoka 31, na tena 35, amri ya Sabato imekaa bega kwa bega na ujenzi wa hema, wakaelewa kwamba kazi zilizoijenga hema ndizo zinazokatazwa siku ya Sabato. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, inazihesabu 39. Chukua kuandika. Hema ilikuwa na mbao 48, kila moja dhiraa 10 kwenda juu na dhiraa moja na nusu upana, na kila safari zilishushwa na kusimamishwa upya. Rabi Yose anasema mafundi waliziandika herufi ili kila ubao urudi kwa mwenzake. Kwake yeye, ndiyo maana kosa la kuandika siku ya Sabato huanzia herufi mbili. Na kufunga fundo, nayo mojawapo ya kazi hizo, je? Talmudi, ufafanuzi mrefu wa Mishna, inawakumbuka wavuvi wa konokono wa rangi ya samawi, waliofunga na kufungua nyavu zao. Ushauri wangu ni uleule kila muhula: soma sura hizo na penseli mkononi, upigie mstari vitenzi, siyo rangi.

Na ukitaka ishara, midrashi, yaani tafsiri za kale za marabi, inayo moja kubwa: hema ni uumbaji mdogo. Mapazia yanatandazwa kama mbingu, pazia la ndani linatenga kama anga lilivyotenga maji, birika ni maji yaliyokusanywa, kinara ni mianga, makerubi wenye mabawa ni ndege, kuhani mkuu ni mwanadamu. Kisha kazi inamalizika na baraka inatolewa, kwa maneno yanayorudia Mwanzo 2. Talmudi inaongeza kwamba Bezaleli, fundi mkuu wa hema, alijua kuziunganisha herufi ambazo kwazo mbingu na nchi ziliumbwa.

Zaidi ya chati, kuna madai mengine matatu ninayoyasikia. "Mungu alihitaji nyumba." Rudi Kutoka 25:8: wanifanyie patakatifu, ili nikae kati yao. Kati yao, wala si ndani yake. Kiebrania kinaiita hema hiyo mishkan, mzizi mmoja na maskani yetu iliyopitia Kiarabu.

"Kuhani mkuu akiingia patakatifu pa patakatifu alifungwa kamba mguuni, wasikie njuga zikinyamaza wamvute nje." Kamba haimo katika Torati, Mishna wala Talmudi. Inaonekana katika Zohar, kitabu cha mafumbo ya Kiyahudi kilichotokea Hispania karne ya 13. Na njuga? Walawi 16:4 inasema Siku ya Upatanisho, alipoingia humo, alivaa mavazi ya kitani tu. Joho la njuga alikuwa amelivua.

"Wayahudi wote wanakubali kwamba hema ilikuja kusafisha dhambi ya ndama wa dhahabu." Rashi, mfafanuzi maarufu wa Torati, ndivyo asemavyo: amri ilitolewa baada ya ndama, ingawa imeandikwa kabla. Ramban, mfafanuzi mwingine mkubwa, anakataa, anaufuata mpangilio wa sura kama ulivyo. Kwake hema ni mlima Sinai uliobebwa safarini: utukufu ulioonekana na watu wote kileleni sasa unakaa kwa siri nyuma ya pazia.