Kiti cha gari kimechakaa? Haya mambo watu hudanganyana

"Kiti kimelala, shonea kava mpya kitarudi sawa." Hii ndio naisikia sana na ndio imemaliza pesa za watu wengi hapa Nairobi, zangu zikiwemo. Probox yangu siti ya dereva ilikuwa imepasuka ule upande wa mlango, nikapeleka kwa fundi akashona reksini (ngozi bandia) nyeusi na uzi mwekundu, ikatoka safi kabisa mpaka nikampigia picha. Miezi mitatu haijaisha nikaanza kuumwa na kiuno kila nikitoka Thika Road kuingia tao, alafu ile reksini mpya ikaanza kujikunja katikati. Kuifungua napata sponji imekatika chini, waya za springi zinaisaga polepole, na juu yake kuna kipande cha godoro kilichochomekwa ndio kiti kionekane kimejaa.

Kava hufuata sponji, hakuna njia ingine. Sponji ya kiti cha gari humiminwa kwenye kalibu, ndio maana inatoka na umbo lake, kingo zimeinuka kukushika mapaja na katikati pamebonyea, na huwa nzito kuliko godoro la kawaida. Ukiweka kipande cha godoro jepesi kitabebana nawe wiki chache alafu kinalala. Kwa hivyo kabla hujaongea bei, mwambie fundi atoe kiti nje ya gari afungue, muangalie ndani pamoja. Kama sponji imekatika pahali padogo, pale panakatwa panatolewa, panajazwa na sponji ya high density, yaani ile nzito iliyoshikana, iliyochongwa vizuri na kugandishwa kwa gundi, na kati ya sponji na springi kunawekwa kitambaa kigumu, hata gunia safi linafanya kazi, kwa sababu bila hicho waya zitakata tena. Hii kazi haionekani ukishamaliza na ndio maana wengi huiruka. Mimi nitalipia hiyo kwanza kabla ya kava yoyote.

Na kwa nini huwa ni ule upande wa mlango? Juu kila ukiingia unaburuta mwili wote juu ya ule ukingo, na jinzi yenye ribiti nyuma inakwaruza. Anza kukalisha makalio kwanza alafu uingize miguu, utaona tofauti.

"Ikipasuka kidogo lazima ubadilishe yote." Hapana. Kava ni vipande vimeshonwa pamoja, na fundi mzuri anafumua kile kipande kimoja, anakitumia kama patani ya kukata kingine, anarudisha. Shida iko kwa rangi, kwa sababu ile ya zamani imeshapauka, kwa hivyo beba sampuli ukienda kununua na uiangalie nje kwa jua, si ndani ya duka. Kama ni kitambaa kimechomwa na sigara, kitambaa kilekile unaweza kukipata kwa kukata kidogo pale chini ya kiti ambapo hapaonekani. Lakini ile ya kumwaga supa gluu kwa mpasuko wacheni jamani, inakauka inakuwa kama kioo na pembeni yake ndio panapasuka tena. Kiraka kinaingia chini ya mpasuko, na gundi iwe ile inayobaki laini ikikauka. Uzi pia uwe wa nailoni au poliesta, wa pamba unaoza.

Kuhusu ngozi sasa, hapa kuna uongo mingi. Watu wanaamini gari ikitoka Japan na "leather" basi kiti chote ni ngozi. Mara nyingi pale unapokalia tu ndio ngozi, pembeni na nyuma ni bandia iliyofananishwa. Ukifungua, angalia upande wa ndani: ngozi ina nyuzinyuzi kama suedi, bandia mara nyingi ina kitambaa kimefumwa. Wengine pia watakuambia ununue ngozi pale soko la Kariokor umpelekee fundi, ati ni ileile. Si kweli. Ile ya soli na mikanda ni nene na ngumu, ya viti vya gari ni nyembamba, kama milimita moja hivi, na huwa imepakwa rangi na koti ya plastiki juu. Hiyo koti ndio inafanya kupaka mafuta ya kupikia, Vaseline au kiwi ya viatu kusiwe na maana, haviingii ndani, vinakaa juu vinanasa vumbi na kiwi inahamia suruali ya abiria. Kitambaa chenye maji kidogo na sabuni laini, ufute, ukaushe. Usimwage maji kwa kiti, sponji inakunywa inakaa na unyevu siku nyingi inaanza kunuka.

"Nairobi ni baridi, jua halisumbui viti." Mji huu uko juu zaidi ya mita 1,600, na kadiri unavyopanda ndivyo miale ya UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, inavyoongezeka, karibu asilimia 10 kila mita 1,000. Vioo vya pembeni hupitisha sehemu kubwa ya ile ya aina ya UVA. Hata Julai ukiwa umevaa sweta gari lako bado linaungua. Egesha kivulini, ama uweke kizuizi cha jua kwa kioo.

Hii ya mwisho ndio inanitia wasiwasi kuliko zote: "siti kava yoyote inaingia gari yoyote." Angalia ubavu wa kiti, pale karibu na mlango. Ukiona kilebo kimeandikwa SRS AIRBAG, ndani mna mfuko wa hewa ambao lazima upasue mshono utoke kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kava inayofunika huo ubavu wote, ama fundi akiushona tena kwa uzi mgumu wa mara mbili, inaweza kuuzuia ama kuupeleka kusikofaa, na huyo umembeba pale mbele anaweza kuwa ni mama yako. Kava iwe na nafasi wazi ubavuni, na mshono wa kiwanda usiguswe. Kabla kiti hakijatolewa, toa waya wa negativu wa betri usubiri, Toyota wanasema angalau sekunde 90, ndio zile plagi za manjano chini ya kiti zichomolewe. Fundi asipime hizo waya na mita ya umeme. Kiti kikisharudi washa gari uangalie taa ya eabegi: inawaka kidogo inazima. Ikibaki inawaka, usimlipe fundi bado, rudini chini ya kiti pamoja muangalie plagi gani haijashika.