Maumivu sugu na fidia ya kazi: maneno ya mtaani Lubumbashi na ukweli wake

"Radio haikuonyesha kitu, basi anajifanya."
Neno hili limevunja watu moyo kuanzia Katuba hadi Ruashi. Picha ya radio (eksirei) huonyesha mifupa. Maumivu hayapigwi picha. Wapo wenye mgongo uliochakaa kwenye picha na hawaumwi, na wapo wenye picha safi wasiolala usiku. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyopitishwa mwaka 2019 inayatambua maumivu yanayozidi miezi 3 kuwa maumivu sugu: kidonda kinaweza kupona na mishipa ya fahamu ikaendelea kulia. Mbele ya daktari, usiishie kusema "ninaumwa". Sema kilichokushinda: kuinua ndoo ya lita 20, kukaa garini hadi Kipushi.

"Fidia ni huruma ya patro (mwajiri)."
Hapana. Ni haki, chini ya sheria ya hifadhi ya jamii ya Kongo ya tarehe 15 Julai 2016. Mchango wa CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) kwa hatari za kazi, 1.5% ya mshahara, hulipwa na mwajiri peke yake. Matibabu ya ajali ya kazi yamo humo, hata ukiumia njiani ukienda kazini.

"Anayedai fidia haponi kwa sababu anapenda pesa."
Hapa pana chembe ya ukweli, na ndiyo inayodanganya watu. Uchambuzi wa mwaka 2005 ulipitia tafiti 211 za wagonjwa waliopasuliwa. 175 kati yake zilikuta wenye fidia wakiwa na matokeo mabaya zaidi. Lakini hilo halithibitishi uongo. Utafiti wa Australia wa mwaka 2014 ulikuta kwamba waliosumbuliwa sana na kufuatilia madai walikuwa na wasiwasi, huzuni na ulemavu zaidi miaka 6 baada ya kuumia. Nenda-rudi za ofisini na kushukiwa kila siku vinaumiza.

"Lala mpaka dosiye (faili la madai) iishe, ukifanya mazoezi watakunyima."
Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Misuli isiyotumika hulegea, na maumivu huzidi. Kwa maumivu ya mgongo ya muda mrefu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unapendekeza mazoezi na elimu; haupendekezi mikanda ya kiuno wala dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, tramadol ikiwemo. Anayeinywa kila siku asiiache ghafla, aipunguze pamoja na daktari. Na kila karatasi ya mazoezi yenye tarehe, itunze: inaonyesha ulijitibu, na bado yapo yaliyokushinda.