Je, wajua kwa nini AC hushindwa na chumba kilicho chini ya bati?

Chukua chumba cha kulala cha mita 3.5 kwa 4, Dar es Salaam, mwezi Februari. AC ya BTU 9,000 inanguruma tangu saa 8 mchana na godoro bado lina joto. Fundi anaitwa, anaongeza gesi, hali ni ileile. Tatizo liko juu ya dari.

Jua la adhuhuri hushusha takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo juu ya chumba hicho hutua kW 14. AC hiyo huondoa joto la kW 2.6 tu. Joto jingi la bati huchukuliwa na upepo, lakini hata sehemu ya kumi ikipenya hadi chumbani, zaidi ya nusu ya uwezo wa AC umekwisha kabla hata hujaingia wewe na televisheni yako.

Kwa hiyo nyumba ifanye kazi yake kwanza, mashine imalizie. Anza na rangi: bati jeupe hurudisha jua jingi, ilhali lile la damu ya mzee linalopendwa sana siku hizi hulimeza. Chini ya bati weka foili (karatasi ya alumini inayorudisha joto), na hapa ndipo wengi huharibu. Foili ikigusana na bati hupitisha joto moja kwa moja, maana ni metali. Itandazwe juu ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) kwanza, kisha papi (mbao zinazopigiliwa bati) zipigiliwe juu yake, ibaki nafasi ya hewa kati yake na bati. Ikiwa ina upande mmoja tu unaong'aa, upande huo utazame chini: ukitazama juu, vumbi huufunika na baada ya muda faida imekwisha. Na kwa kuwa foili hupitisha umeme, nyaya zikae mbali nayo.

Hewa ya darini nayo lazima ipite. Kipimo kinachotumika sana ni matundu yenye jumla ya 1/150 ya eneo la dari: nyumba ya mita za mraba 100 inahitaji kama mita 0.67 za mraba, nusu chini ya kingo za paa, nusu karibu na kofia ya paa. Ziba kwa wavu wa chuma wa kuzuia popo. Wavu wa mbu hubana hewa sana, ukiutumia ongeza ukubwa wa matundu. Lakini dari yenyewe izibwe kabisa, pamoja na matundu ya taa, la sivyo hewa ya moto itapenya chumbani kutoka juu.

Kuta zisisahaulike. Ukuta wa tofali la inchi 6 unaopigwa na jua la magharibi saa 10 jioni huanza kutoa joto hilo ndani usiku, wakati wa kulala. Baraza au mti upande huo hutosha. Kufungua madirisha usiku ili kuta zipoe hufaa Nairobi. Dar, usiku wa Februari huwa karibu nyuzi 25 na unyevu mwingi, hivyo faida ni ndogo.

Hapo ndipo mashine zinapoingia. Pangaboi la wati 60 hadi 75 hukufanya uhisi nafuu ya nyuzi 2 au 3, hivyo AC inaweza kuwekwa 26 badala ya 23 au 24. Usitie AC kila mahali. Sebule iachwe wazi, yenye luva na pangaboi. Chumba cha AC kiwe na madirisha yanayofunga sawasawa, kwani luva huvujisha hewa hata zikifungwa.

Ukitaka kuendesha AC kwa sola, ipimwe mwisho. AC yenye inveta (inayopunguza kasi yake chumba kikipoa) ikila wastani wa wati 400 kwa saa 7 za usiku, inahitaji kWh 2.8 kutoka kwenye betri; chumba kinachovuja joto huweza kudai mara mbili yake, na betri ndiyo ghali. Paneli ziinuliwe sentimita 10 hadi 15 juu ya bati. Kila nyuzi moja ya joto la paneli juu ya 25 huzipunguzia nguvu kwa karibu asilimia 0.4, kwa hiyo hewa inayopita chini yake huziongezea umeme, na kivuli chake hupoza bati lililo chini.