Hedhi haijaja miezi mitatu? Tuanze na insulini

Wanawake wengi walioambiwa wana PCOS, yaani hali ya homoni inayovuruga hedhi na ovari (viungo vinavyotoa mayai ya uzazi), huja kwangu na picha ya utrasaundi mkononi, wakitaka dawa ya kuyeyusha vivimbe. Mimi ni mtaalamu wa lishe hapa Tanga, nafanya kazi bega kwa bega na madaktari wa wanawake, na jambo la kwanza huwa ni kuwatoa hofu. Vile vidoa vyeusi kwenye ovari si uvimbe. Ni vifuko vidogo vya mayai yaliyoanza kukomaa yakaishia njiani. Havihitaji kukatwa wala kuyeyushwa. Cha kushughulikia ni kile kilichoyakwamisha, na kwa wengi wenye tatizo hili, mkono wa insulini, homoni inayoshughulikia sukari mwilini, umo.

Kwanza hakikisha kweli ni PCOS. Tangu 2003 madaktari hutumia vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam, Uholanzi, na mtu mzima anatakiwa awe na viwili kati ya vitatu: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume kuzidi, iwe kwenye kipimo cha damu au kwa dalili kama ndevu na chunusi sugu, na ovari zenye vifuko vingi kwenye picha. Tena ni baada ya kuhakikisha si ugonjwa wa tezi ya thairoidi wala kuzidi kwa prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa ya mama. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi. Kwa binti ambaye haijapita miaka 8 tangu avunje ungo, picha haitumiki kabisa kuamua, maana ovari za umri huo kwa kawaida huwa na vifuko vingi. Inaniuma sana kumwona msichana wa kidato cha pili ambaye tayari ameshaambiwa hatazaa.

Wala si tatizo la wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wanalo, na hadi asilimia 70 ya walionalo hawajui.

Sasa insulini. Ukila wanga, sukari hupanda kwenye damu, kongosho hutoa insulini, na insulini hubisha hodi kwenye misuli na ini ili sukari ipokelewe. Kwa wengi wenye PCOS mlango hauitikiwi, basi kongosho huongeza insulini na hodi inageuka kelele. Misuli haisikii vizuri, lakini ovari, jirani wa pembeni, inasikia kila neno. Insulini nyingi huisukuma ovari itengeneze zaidi testosteroni, ile homoni ya kiume, na wakati huohuo hulifanya ini lipunguze protini inayoishika testosteroni kwenye damu, hivyo testosteroni iliyo huru inaongezeka. Hapo ndipo ndevu zinapoota kidevuni, yai linashindwa kukomaa, na hedhi inapotea.

Ndiyo maana mtu akiniambia, "Dada, mimi sina kisukari, nimepimwa," namwamini, na bado naendelea na mazungumzo. Sukari inaweza kuonekana ya kawaida kwa miaka mingi kwa sababu kongosho inafanya kazi ya ziada kuishusha. Kupima insulini yenyewe simshauri mtu atumie pesa yake. Mara nyingi hakubadilishi matibabu. Kinachosaidia zaidi ni kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 asubuhi kabla hujala kitu, kisha kupimwa tena baada ya saa 2. Kifanyike pale unapogundulika, kisha sukari ipimwe tena kila baada ya mwaka 1 hadi 3 kulingana na hali yako. Na tazama shingo. Weusi mzito wenye ngozi laini na nene nyuma ya shingo au kwapani mara nyingi ni alama ya insulini iliyozidi. Mabinti husuguliwa kwa dodoki mpaka wanachubuka, mama akidhani mtoto haogi vizuri. Mama, mwache. Si uchafu, na dodoki halifiki huko ilikotoka.

Kuhusu chakula, hakuna mlo maalumu wa PCOS. Tafiti hazijaonyesha mlo mmoja unaoishinda mingine yote, na anayekuuzia mpango wa kuacha wanga kabisa anakuuzia kitu ambacho wengi huking'ang'ania kwa muda tu kisha wanakiacha. Ninachotafuta ni mtu aendelee kula vyakula vya kwao, ila vipangwe upya.

Chukua chai ya asubuhi ya Ngamiani, hapa mjini Tanga: vitumbua vitatu, mbaazi za nazi kidogo pembeni, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari. Kitumbua ni mchele na sukari, na chai inaongezea sukari juu yake. Geuza sahani. Mbaazi zijae bakuli, kitumbua kiwe kimoja, ongeza yai la kuchemsha, na sukari ya chai ipunguzwe kidogokidogo mpaka ulimi uzoee. Tangawizi na iliki husaidia sana hapa. Mbaazi zina protini na nyuzinyuzi, hivyo sukari hupanda taratibu, na njaa ya saa nne haikusumbui.

Mchana na usiku anza na mboga na samaki, wali uje mwisho, usizidi ukubwa wa ngumi yako. Mpangilio huo wa kula peke yake hupunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo. Dona ni bora kuliko sembe, lakini dona nyingi bado ni nyingi. Chungwa la Muheza ulile pamoja na nyama zake, usilikamue: glasi moja ya juisi hubeba machungwa matatu au manne, na nyuzinyuzi zote zimebaki kwenye chujio. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Ukiweza kuacha kitu kimoja tu, acha hiyo.

Ramadhani huniletea maswali mengi kuliko mwezi wowote. Futari zetu ni mihogo ya nazi, magimbi, tambi za sukari, uji mtamu, kaimati zilizolowa shira, vyote kwenye jamvi moja. Fungua kwa tende moja au mbili na maji, unywe supu, ule samaki au kunde, kisha chagua wanga mmoja tu. Kama unatumia dawa ya sukari, mwone daktari kabla ya mwezi kuandama, usisubiri kumi la kwanza liishe.

Mazoezi yanastahili uzito uleule. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari hata insulini ikiwa haisikiki vizuri. Lengo ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa haraka, na siku mbili za kutumia nguvu. Tanga ni tambarare na ni mji wa baiskeli, tuna bahati. Raskazone alfajiri utawakuta wanawake wakitembea na mabaibui yao, na inatosha kabisa. Kwa nguvu, chuchumaa na kusimama ukiwa umeshika dumu la maji la lita 5. Dakika kumi na tano za kutembea baada ya chakula cha usiku nazo husaidia.

Uzito naugusa kwa uangalifu, kwa sababu wanawake hawa wameshasemwa vya kutosha. Kama uzito umezidi, kupungua asilimia 5 hadi 10 huweza kutosha kuirudisha hedhi kwa baadhi yao; mwenye kilo 80, hiyo ni kilo 4 hadi 8. Wembamba nao hupata PCOS, na kuwaambia wapungue ni kuwaumiza bure.

Dawa zipo, na kuzitumia si kushindwa. Metformini, kidonge kinachotumika pia kwa kisukari, husaidia insulini isikike, ingawa mwanzoni huvuruga tumbo. Anayetafuta mtoto, letrozoli ndiyo dawa ya kwanza ya kulikomaza yai, chini ya uangalizi wa daktari. Ambaye hedhi haijaja zaidi ya siku 90 na hana mimba, asikae nyumbani: ukuta wa mfuko wa uzazi unaendelea kujijenga bila kumwagika, na miaka ya hali hiyo huongeza hatari ya saratani. Hospitali watakupa dawa ya kuileta hedhi. Zile chupa za kusafisha kizazi zinazouzwa mitandaoni sizikubali hata kidogo. Hakuna uchafu wa kusafisha, na muda unaopotea ni wako.

Jambo la mwisho husahaulika sana. Lishe, mazoezi au metformini vikianza kufanya kazi, yai linaweza kutoka kabla hedhi haijaonekana, kwa hiyo mimba inaweza kuingia usiyoitarajia. Asiyetaka mtoto kwa sasa aanze uzazi wa mpango mapema. Na anayeshika mimba amwambie mkunga siku ya kwanza kliniki kwamba ana PCOS, ili apimwe sukari mapema, asisubiri mimba ikue.