Saburi ya Kikristo: kukaa chini ya mzigo

Mtu akipatwa na jambo zito, neno la kwanza analoambiwa na waumini wenzake ni "vumilia". La pili ni "uwe na saburi kama Ayubu". Yote mawili ni maneno mema, ila yakitamkwa harakaharaka yanamwacha mgonjwa au mfiwa akidhani ameambiwa anyamaze. Maana ya saburi siyo hiyo.

Saburi na subira ni ndugu wa tumbo moja, wote wamekuja kwetu kutoka Kiarabu. Subira tunaitumia kila siku: basi limechelewa, kuwa na subira. Saburi imebaki zaidi kwenye Biblia na mimbarini. Katika Warumi 5:3, Biblia ya Union Version inasema dhiki kazi yake ni kuleta saburi, na hapo neno la Kigiriki ni hupomone. Limeungwa kwa vipande viwili: "chini ya" na "kukaa". Kwa hiyo saburi ni kukaa chini ya kitu kizito bila kukitoroka.

Aliyewahi kuteka maji kisimani anaielewa picha hiyo kuliko msomi yeyote. Ndoo ya lita ishirini iko kichwani juu ya kata. Shingo imekaza, mkono mmoja umepanda kushika ukingo, maji yanamwagikia begani, naye analalamika njia nzima: njia mbali, jua kali, kisima cha karibu kimekauka. Hakuna atakayesema ameacha kubeba kwa sababu analalamika. Ameacha siku atakapoitupa ndoo.

Kuna neno jingine linalochanganywa na hili. Uvumilivu unaotajwa kati ya matunda ya Roho katika Wagalatia 5:22 ni tafsiri ya makrothumia, yaani kuchelewa kukasirika. Huo ni wa kuwachukulia watu: jirani mkorofi, mwanafunzi mzito, mkwe mwenye maneno. Saburi yenyewe hukabili hali: kansa, njaa, kifungo, kufiwa na mtoto.

Sasa Ayubu. Kitabu chake kina sura 42, na Ayubu tunayemhubiri, yule wa "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", yuko katika mbili za mwanzo. Sura ya 3 anafungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa. Kuanzia hapo ni malumbano: anamshtaki Mungu, anataka wasikilizane kama mahakamani, anawaambia rafiki zake kwamba faraja yao inamtaabisha tu. Hata hivyo Yakobo 5:11 inamtaja yeye kuwa mfano wa saburi, na katika Ayubu 42:7 Mungu anawakasirikia wale rafiki waliomtetea Yeye kwa hoja safi, huku akisema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Tofauti ni moja: wao walizungumza habari za Mungu, Ayubu aliendelea kumsemesha Mungu mwenyewe hata akiwa na hasira.

Ningesema rafiki hao walifanya vizuri mara moja tu, zile siku saba walizokaa naye chini bila neno. Sisi tunaijua desturi hiyo. Msibani mtu anavua viatu, anaketi mkekani karibu na mfiwa, anamshika mkono, basi. Mambo huharibika pale anapotokea mmoja wa kueleza kwa nini Mungu ameruhusu.

Jambo la pili ni kwamba saburi haikatazi kuondoka mahali pa hatari. Yesu aliwaambia wanafunzi wake wakifukuzwa katika mji mmoja wakimbilie mwingine (Mathayo 10:23). Paulo, aliyeandika juu ya saburi kuliko wengi, aliteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu akakwepa kukamatwa. Walipotaka kumpiga mijeledi Yerusalemu aliuliza kama ni halali kumpiga raia wa Rumi, na baadaye akakata rufani kwa Kaisari. Mwiba wake wa mwilini aliomba uondolewe, mara tatu. Kwa hiyo mama mwenye jicho lililovimba anapoambiwa arudi kwa mumewe "abebe msalaba wake", huko ni kumfundisha jambo ambalo Paulo hakulifanya. Kwenda kwa daktari, polisi au kwa wazazi hakumpunguzii mtu imani.

Kuna wakati, hata hivyo, mlango wa kutokea uliobaki ni kumkana Kristo tu. Hapo ndipo saburi inaonekana uchi. Karoli Lwanga na wenzake, wengi wao vijana waliohudumu katika jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walichomwa moto Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886. Hawakuyatafuta mateso. Walikataa bei ya kuyakwepa.

Katika ile Warumi 5 Paulo anaendelea: saburi huleta uthabiti wa moyo. Neno alilotumia ni la kitu kilichojaribiwa kikaonekana halisi, kama fedha iliyopita motoni. Hasemi dhiki ni njema; anasema inapopita, imeonyesha kilichokuwamo. Kisha huja tumaini, na ajabu ni kwamba tumaini linakuja mwisho wa safari hiyo. Anayeteseka leo akiwa hana tumaini la kutosha hajafeli. Pengine bado yuko njiani.

Na mzigo haubebwi kimyakimya na mtu mmoja. Mwenye ndoo akifika nyumbani huita kwa sauti, "Nitueni!" na aliye karibu huacha alichokuwa akifanya. Wagalatia 6:2 inaagiza hivyohivyo, mchukuliane mizigo. Hata msalaba wa Yesu ulipoelekea Golgotha, Marko anasema alishikwa mtu aliyekuwa akipita zake kutoka shamba, Simoni Mkirene, akatwishwa yeye.