Pete Laney: mkulima wa pamba kwenye kiti cha spika

Kazi yangu ni kuchambua kanuni za mabunge, na nikiulizwa spika yupi asomwe kwanza, humtaja mkulima: James "Pete" Laney wa Hale Center, Texas.

Hale Center ni mji mdogo kaskazini mwa Lubbock, kwenye nyanda za pamba. Laney aliingia Baraza la Wawakilishi la Texas Januari 1973, baada ya kashfa ya Sharpstown, ya viongozi kunufaika na hisa kwa upendeleo, kuwang'oa wabunge wengi, spika akiwamo. Kikao cha kawaida huko ni siku 140 tu kila miaka miwili, kuanzia Januari, na mshahara ni dola 600 kwa mwezi. Mbunge hana budi kuwa na riziki nyingine. Mwenye pamba hurudi shambani mwisho wa Mei, msimu wa kupanda.

Alipewa uspika mwaka 1993, na hapa ndipo penye utamu. Awali miswada ilirundikana hadi siku za mwisho, ikapitishwa usiku na watu wasioisoma. Laney alisukuma kanuni mpya: miswada ya Baraza iwe na siku ya mwisho ya kujadiliwa, wiki kadhaa kabla ya kufunga kikao, ili wabunge wapate muda wa kusoma. Isitoshe, spika wa Texas huteua wenyeviti wa kamati, fimbo nzito hasa. Yeye, mtu wa Democratic, aliwapa uenyekiti hata wa Republican, na aliwahimiza wabunge wapige kura kwa kuwatazama waliowatuma. Wapo waonao huo ni udhaifu. Mimi naamini ndio uliomweka kitini miaka 10.

Ndiyo maana tarehe 13 Desemba 2000, Al Gore wa Democratic alipokubali kushindwa urais, mshindi George W. Bush, gavana wa Texas wa Republican, alilihutubia taifa kutoka ukumbi wa Baraza hilo, akikaribishwa na Laney.

Januari 2003 Republican walikuwa wengi, na Tom Craddick akachukua kiti. Mei, zaidi ya wabunge 50 wa Democratic walikimbilia Ardmore, Oklahoma, ili akidi ya wabunge 100 kati ya 150 isitimie na ramani mpya ya mipaka ya maeneo ya uchaguzi, waliyoitaka Republican, ikwame. Laney alikuwamo, polisi wa jimbo waliomba hata msaada wa serikali kuu kuisaka ndege yake ndogo. Huniuma kuisoma sehemu hii: aliyetumia miaka 10 kuwafanya wabunge wasikilizane, sasa silaha aliyobaki nayo ni kutokuwapo. Ramani ilipita mwaka uleule. Yeye aliendelea kama mbunge wa kawaida hadi Januari 2007.